Kichaka cha matunda mlangoni: bluuberi fupi au fizali?

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka)

Karibuni katika kipindi cha bustani ya nyumbani. Nawe uliyekosa matangazo na sasa unasoma karatasi hii, iwe uko Nyarugusu, Nakivale, Dzaleka au Meheba, karibu pia. Maneno ni yaleyale.

Leo tunazungumzia matunda. Si embe wala ndizi, bali matunda madogo ya vichaka vifupi, yale ambayo mtu anaweza kuyapanda kwenye ndoo au gunia karibu na mlango. Mada hii imeletwa na simu za mkononi. Wengi wenu mna ndugu waliohamishiwa Marekani au Kanada. Ndugu anatuma picha: amesimama kibarazani, mbele yake kuna chungu, na ndani ya chungu kuna kichaka kisichofika hata kiunoni, kimejaa matunda ya buluu. Anasema yanaitwa bluuberi, na watoto wanachuma wenyewe. Wewe unatazama kiwanja chako, hatua 4 kwa 6, jiko likiwa upande mmoja na kamba ya nguo upande mwingine, na unajiuliza: kichaka kidogo kama kile si kingenitosha mimi? Nikipateje?

Nitakujibu waziwazi ili usije ukauza unga wa mgao kununua kitu kitakachokufia. Bluuberi haikufai hapo ulipo. Lakini kipo kichaka kingine cha kimo hichohicho, chenye tunda tamu, ambacho kinakufaa, na huenda ulikijua tangu utotoni. Kwanza nieleze kwa nini nasema hapana, maana ukiijua sababu hutadanganywa na mtu yeyote anayeuza miche.

Bluuberi ni mmea wa asili ya Amerika ya Kaskazini. Kwa miaka mingi watu waliuchuma porini tu, na waliojaribu kuuhamishia bustanini waliona unanyauka bila kujua kosa liko wapi. Mtaalamu wa mimea wa wizara ya kilimo ya Marekani, Frederick Coville, ndiye aliyeeleza kisa chenyewe katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1910: mmea huu unataka udongo mchachu. Mwanamke mmoja wa jimbo la New Jersey, Elizabeth White, ambaye jamaa zake walikuwa na shamba, aliyasoma maandishi hayo akaomba wafanye kazi pamoja. Yeye aliwaendea wenyeji waliokuwa wakichuma porini, akawapa kipimo chenye tundu, akawalipa ili wamwoneshe vichaka vyenye matunda makubwa yasiyopita kwenye tundu lile. Kichaka kikipatikana, kilipewa jina la aliyekipata. Mwaka 1916 waliuza mavuno yao ya kwanza. Hadithi hii naipenda, kwa sababu msomi yule asingefika popote bila macho ya wachumaji.

Sasa uchachu ni nini? Watu wa kilimo huupima kwa kipimo kinachoitwa pH, kinachotoka 0 hadi 14. Katikati ni 7, hapo si chachu wala si magadi. Maji ya limau yako karibu na 2. Maji yaliyochujwa kwenye majivu, yale ambayo mama zetu huyatia kwenye mboga ili ilainike, yanapita 10. Mboga zetu nyingi hupenda udongo ulio kati ya 6 na 7. Bluuberi inataka 4.5 hadi 5.5. Usidhani kwamba kutoka 6.5 hadi 4.5 ni hatua mbili ndogo. Kila namba moja katika kipimo hiki ni mara 10, kwa hiyo hatua mbili ni mara 100. Udongo usipokuwa mchachu wa kutosha, mizizi ya bluuberi inashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamejaa hapo chini. Majani yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kichaka kinadumaa, kisha kinakufa. Na wewe unapika kwa kuni. Majivu yanaishia bustanini, na kwa mchicha, au lengalenga kama wengine mnavyouita, majivu kidogo ni mazuri. Kwa bluuberi ni sumu.

Najua kuna atakayesema, mbona udongo mwekundu wa milima ya Burundi na Kivu ni mchachu? Ni kweli, sehemu nyingi ni mchachu. Lakini uchachu peke yake hautoshi. Mizizi ya bluuberi ni myembamba mno, inataka udongo mwepesi uliojaa majani yaliyooza, unaokaa na unyevu bila kutuama maji. Tena vile vichaka vifupi vya kwenye chungu vilizalishwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi. Vinahitaji mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7, ndipo viamke na kutoa maua. Hapo ulipo, saa hizo huzipati. Kenya yapo mashamba makubwa ya bluuberi, hilo nalo ni kweli. Lakini hayo hupanda aina zisizohitaji baridi nyingi, kwenye vyungu vyenye udongo wa kutengenezwa, na kumwagilia kwa mipira yenye maji yaliyorekebishwa uchachu. Mtu anayepanga foleni ya bidoni moja ya maji hawezi kushindana na hayo.

Kisha kuna muda. Mche wa bluuberi huachwa mwaka wa kwanza bila kuzaa, maua yake yanakatwa ili ujenge mizizi. Mavuno ya maana huanza mwaka wa tatu. Hapa ndipo mimi binafsi naona uzito kuliko hata kwenye uchachu. Unasubiri jina lako litoke kwenye orodha, au kila wiki unasikia habari mpya za kurudi nyumbani, halafu nikwambie upande kitu cha miaka 3? Sikukatazi kupanda mti wa miaka. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na waliozaliwa humo leo ni wazazi. Aliyepanda mwembe mwaka ule angekuwa ameshakula maembe yake mara nyingi. Lakini gunia moja na maji kidogo ulivyo navyo, ni vizuri uvipe mmea utakaokulipa kabla hujasahau siku uliyoupanda.

(Muziki mfupi)

Mmea huo ni fizali. Rwanda wanauita intumbaswa, Uganda entuntunu, Wakikuyu wa Kenya wanauita nathi, na kijijini kwenu huenda una jina lake jingine. Utaujua kwa tunda lake: ni la mviringo, manjano, dogo kama gololi, nalo limefunikwa na ganda jembamba kama karatasi, mfano wa taa ndogo iliyoning'inia. Likiiva, ganda linakauka na kuwa rangi ya majani makavu, na tunda linaanguka lenyewe. Maua ni ya manjano yenye madoa ya kahawia ndani. Asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na Kolombia, lakini limekaa katika nyanda zetu za juu muda mrefu kiasi kwamba watu wengi wanadhani ni gugu la porini tu. Wengi tulilila tukiwa tunachunga mbuzi, na hatukuona kuwa ni tunda la kupandwa.

Kichaka chake hufika kiunoni au kifuani. Kutoka siku ya kuhamisha mche hadi tunda la kwanza ni kama miezi 4 hadi 5. Kinapenda sehemu za kuanzia kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, zenye jua lakini si joto kali. Kwa hiyo kambi za Kigoma na makazi ya magharibi mwa Uganda yanafaa. Kwenu ndugu wa Kakuma na Dadaab sitaki kuwapa tumaini la bure: joto linapopita nyuzi 35, maua yanapukutika bila kushika tunda. Huko ni afadhali mtu atunze mkunazi uliojiotea karibu na nyumba kuliko kuhangaika na fizali.

Mbegu huna haja ya kununua. Tafuta matunda matatu au manne yaliyoiva vizuri, kwa jirani au sokoni. Yaponde ndani ya kikombe cha maji, acha yakae siku moja au mbili, kisha osha. Mbegu nzuri zitazama chini, maganda na mbegu pumba zitaelea. Zianike kivulini juu ya karatasi. Tunda moja lina mbegu zaidi ya 100, kwa hiyo hayo machache yanatosha wewe na majirani wote wa mtaa wako.

Zioteshe kwenye kopo pana au bidoni iliyokatwa ubavuni, yenye matundu chini. Tandaza mbegu, zifunike kwa mchanga mwembamba kiasi cha kuzificha tu, nyunyiza maji kwa mkono, weka kivuli cha nyasi. Kuota huchukua wiki 2 hadi 3, na wiki hizo ndizo watu wanazokata tamaa na kumwaga udongo. Usimwage. Miche ikifika urefu wa shubiri moja, kama wiki 6 hadi 8 tangu kusia, iko tayari kuhama.

Gunia tupu la mgao linafaa, ingawa jua hulichakaza. Ukiwa na mawili, vika moja ndani ya jingine. Ndoo iliyopasuka inafaa zaidi. Toboa matundu chini ili maji yatoke, kwa sababu fizali huvumilia kiu kidogo lakini haivumilii miguu kulowa. Changanya udongo wa juu mafungu mawili na mboji iliyooza kabisa fungu moja, na kama udongo wako ni mfinyanzi, ongeza fungu moja la mchanga. Usizidishe samadi. Fizali iliyoshibishwa mno inatoa majani mazuri ya kutazama, na matunda inakunyima. Chombo kimoja, mche mmoja. Ukipanda ardhini, acha hatua moja kubwa kati ya mche na mche.

Mche ukifika urefu wa goti, kata ncha yake kwa kucha. Hapo ndipo unapofanana na ule wa kwenye picha ya ndugu yako, kwa sababu badala ya kwenda juu utatanuka, na matunda hukaa kwenye matawi mapya. Matawi ni mepesi kuvunjika, basi simika vijiti viwili au vitatu na kuyafunga kwa kamba ya kitambaa. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Wakati wa maua, tikisa matawi polepole mchana, chavua ishuke. Ni kazi ya dakika moja, mtoto anaweza kuifanya.

Maji ndiyo swali kubwa kambini, najua. Kiangazi, mche mmoja kwenye gunia utataka lita moja hivi kwa siku, wakati mwingine zaidi. Usimwagilie kwa mazoea. Ingiza kidole hadi pingili ya pili: ukisikia unyevu, acha mpaka kesho. Maji ya kuoshea mboga au mchele yanafaa kabisa. Maji ya kusuuzia nguo yenye sabuni kidogo yanaweza kutumika siku moja moja, yamwagwe kwenye udongo, si kwenye majani. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo usiyatumie.

(Muziki mfupi)

Sasa tulia, mama, baba, dada mlezi, maana hapa tunazungumzia usalama wa watoto. Fizali ni ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, viazi mviringo na mnavu. Kama ilivyo kwa kiazi kilichogeuka kijani, tunda bichi la fizali lina sumu. Majani na shina pia visiliwe. Mtoto akila mabichi anaweza kuumwa na tumbo, kutapika na kuharisha. Ikitokea, mpeleke kituo cha afya mara moja, na nenda na tawi la mmea au tunda lenyewe ili mganga aone ni nini kimeliwa. Sheria ya kuwafundisha watoto ni fupi: ganda likiwa kijani, usiguse, ganda likiwa kavu na tunda manjano ya kukolea, chukua. Wafundishe waokote yaliyoanguka badala ya kuchuma, na ganda litupwe, lisiliwe.

Wala usimwache mtoto ajaribu tunda la gugu lolote linalofanana. Kando ya majalala huota gugu la ukoo huohuo, lenye maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda lenye miiba. Hilo ni hatari kubwa, huweza kumchanganya mtu akili na hata kumuua. Ling'oe likiota karibu na nyumba, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Baada ya onyo hilo, nikwambie faida. Fizali iliyoiva ina vitamini C, na rangi yake ya manjano ni ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa. Mgao wa unga, maharage, mafuta na chumvi hauna tunda. Sisemi kichaka kimoja kitatibu utapiamlo. Mtoto aliyedhoofu apelekwe kliniki, si bustanini. Lakini kiganja cha matunda kila siku mbili tatu, juu ya mboga za majani, ni nyongeza ya kweli. Tena tunda hili lina zawadi nyingine ambayo bluuberi haina: likiachwa ndani ya ganda lake kavu, mahali pakavu penye hewa, hukaa wiki kadhaa bila kuoza. Huna friji, na hulihitaji. Liangalie tu kila siku chache na uondoe lililolainika.

Kuhusu kuuza, kama soko lipo na unaruhusiwa, uza ziada. Ila usipange mipango ya fedha juu ya magunia mawili.

Magonjwa yake ni yaleyale ya nyanya. Mahali ambapo nyanya zako zilinyauka ghafla zikiwa bado kijani, usipande fizali hapo, wala usichukue udongo wa hapo kujazia gunia. Anayevuta au kukunja tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa sababu tumbaku hubeba ugonjwa wa virusi unaokunja na kutia mabaka majani ya ukoo huu. Sota hukata miche michanga usiku. Zungushia kila mche pete ya karatasi ngumu iliyozama kidogo udongoni. Vidukari waoshe kwa maji, ukigeuza majani. Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni mbuzi wa jirani. Ongea na jirani mapema, na mpe miche miwili. Akiwa na fizali zake, atamfunga mbuzi wake bila kuambiwa.

Mavuno yakipungua, kata matawi hadi urefu wa shubiri mbili, ongeza mboji kidogo, kichaka kitachipua tena. Baada ya mara ya pili ni bora kuanza na mche mpya. Na matunda yaliyoanguka yaokote yote, maana fizali hujiotea kwa urahisi, na mwenyeji aliye na shamba la mahindi jirani na kambi hatafurahi kuikuta katikati ya mistari yake.

La mwisho ni kuhusu mbegu za kuondoka nazo. Mbegu kavu ndani ya karatasi iliyokunjwa ni nyepesi, na ni kawaida mtu kutaka kuzibeba. Anayerudi kwao na amulize afisa kilimo au wahusika wa safari kama zinaruhusiwa kuvuka mpaka. Anayehamishiwa Marekani asizifiche kwenye mzigo: kule uwanja wa ndege kila mmea, tunda na mbegu lazima vitajwe kwa maofisa, na mbegu zisizo na cheti cha afya ya mimea hunyang'anywa. Vivyo hivyo mwambie ndugu yako asikutumie vipandikizi vya bluuberi kwa posta. Akitaka kukusaidia, atume picha nyingine. Nawe ukiondoka, mwachie mbegu zako atakayebaki kwenye nyumba ile, na umwoneshe kabisa lipi ni ganda la kijani na lipi ni ganda kavu.

(Muziki wa kipindi)